Mstari Upite Wapi? Mjadala juu ya Kufunga Nchi Nzima au Kufunga Wilaya

MTAKWIMU: Naiweka hoja yangu hadharani tangu mwanzo, ili atakaye kuipinga aione yote: maradhi ya kuambukiza hayaigawi nchi mafungu yaliyo sawa, na kwa hiyo amri inayowafunga raia wote kwa kipimo kimoja, aliyezungukwa na wagonjwa na ambaye hajamwona hata mmoja, si amri ya insafu wala si ya maarifa. Rwanda ni nchi ndogo, walakini udogo wake haujapata kuifanya kuwa kitu kimoja mbele ya maradhi. Mwaka 1986, watu walipopimwa virusi vya UKIMWI katika nchi nzima, ilidhihirika kwamba mijini asilimia 17.8 walikuwa navyo, ilhali mashambani walikuwa asilimia 1.3 tu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika uchunguzi wa 2018 hadi 2019, tofauti ilikuwa imepungua bila ya kufutika: asilimia 4.8 mijini na 2.5 mashambani miongoni mwa watu wazima. Malaria nayo huwasumbua watu wa bonde la Bugesera kuliko watu wa nyanda za baridi za Musanze. UVIKO-19 ulipotufikia haukuiacha desturi hiyo: ulitangulia Kigali, ukaonekana Kirehe ambako malori huingilia kutoka Tanzania, ukapamba moto Rusizi na Rubavu mpakani mwa Kongo, na huku wilaya nyingine zikikaa majuma mengi bila ya mgonjwa anayejulikana. Dawa ya tofauti ni amri zenye tofauti.

TABIBU: Hesabu zako nazikubali, Bwana Mtakwimu, ila nalikataa jengo unalolisimamisha juu yake. Takwimu za 1986 zilieleza mahali maradhi yalipokuwa yamefika. Hazikueleza yalikokuwa yakielekea. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, halaiki ya watu ilipong'olewa katika makazi yake, ikakimbia, ikarejea na kuchanganyika, umbali ule mkubwa kati ya mji na shamba ulikaribia kutoweka, na shamba lililodhaniwa kuwa salama likajikuta limo katika msiba ule ule. Mwenye kuitegemea ramani ya wagonjwa husahau kwamba ramani hiyo ni ya jana. Mgonjwa wetu wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 14 Machi 2020, naye ni mgeni aliyewasili kutoka Mumbai; tarehe 21 ya mwezi ule ule nchi nzima ikaamriwa kufungwa, na wagonjwa waliojulikana walikuwa bado hawajatimia ishirini. Lau tungalisubiri ramani ikamilike, tungalisubiri hadi wagonjwa wawe maelfu. Hata kifo cha kwanza hakikutangazwa hadi mwisho wa Mei, na mimi siwezi kuutazama muda huo wote bila ya kuona ndani yake roho za watu ambao hadi leo wanakula na kunywa.

MCHUUZI WA RUBAVU: Nimewasikiliza nyote wawili, na nyote wawili mmesema kana kwamba kufungwa ni jambo moja linalopungua na kuongezeka tu. Mimi nilifungwa mara mbili kwa namna mbili, na namna hizo hazilingani. Mara ya kwanza, Machi 2020, nilifungwa pamoja na Wanyarwanda wote, na ingawa njaa iliuma, moyo ulitulia, kwa sababu waziri, mwalimu na mpagazi walikuwa ndani kama mimi. Mara ya pili ilikuwa tarehe 3 Juni, siku pikipiki za abiria ziliporudi barabarani na mabasi yakaruhusiwa kwenda jimbo kwa jimbo, isipokuwa Rubavu na Rusizi. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba unaweza kubaki pale pale ulipokuwa jana, na mzigo wako ukawa mzito zaidi. Kuanzia hapo jina la wilaya yetu likawa kama jina la maradhi yenyewe. Basi, mwanangu Mtakwimu, unaposema amri zenye tofauti, nieleze pia ni nani anayeulipia mzigo wa tofauti hiyo.

MTAKWIMU: Mama, swali lako ni la haki, na nitalijibu, lakini kwanza nikuondolee shaka moja, kwamba Rubavu haikufungwa kwa taksiri ya watu wake. Kabla ya janga, mpaka wa Petite Barrière kati ya Gisenyi, mji wenu wa Rubavu, na Goma ya Kongo ulikuwa miongoni mwa mipaka ya Afrika inayovukwa kwa miguu na watu wengi kupita yote, makumi ya maelfu kwa siku, wakibeba nyanya, maziwa, unga na vitambaa. Mahali penye kukutanisha watu wengi namna hiyo patatangulia kuambukizwa hata kama wakazi wake ni wasafi kuliko wote. Tofauti za majimbo huzaliwa na barabara, masoko, mipaka na wingi wa watu katika nyumba moja. Hazizaliwi na tabia. Kigali yenyewe ni ushahidi, kwani ndiko soko la Nyarugenge lilikofungwa mwezi wa Agosti 2020, na mwisho wa mwezi huo mabasi kati ya mji mkuu na wilaya nyingine yakazuiwa. Mji wenye madaktari na maabara nyingi kuliko pote ulifungwa kama ulivyofungwa mpaka wenu.

MCHUUZI WA RUBAVU: Umeutaja mpaka wetu, nami nakushukuru, kwa kuwa mpaka huo unao ushahidi ambao hukuutoa. Mwaka 2019 Ebola ilipoingia Goma, mwendo mfupi kutoka milangoni mwetu, na Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima mwezi wa Julai, sisi tulinawa mikono kila tulipovuka, tukapimwa joto kila tulipovuka, tukasikiliza mawaidha mpaka tukayahifadhi, na Ebola ile iliyoua zaidi ya watu 2,200 huko Kongo haikumpata hata mtu mmoja ndani ya Rwanda. Lango liliachwa wazi karibu muda wote, likalindwa, na ulinzi ukafaa. Mwaka uliofuata, watu wale wale wenye nidhamu ile ile wakaambiwa lango halifunguki. Na huku mwenye kikapu kichwani akizuiwa, malori yaliendelea kuingia kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo. Mpaka Mei 2020 serikali za Rwanda na Tanzania zilikuwa bado zinajadiliana madereva wabadilishane wapi na vipi. Ikiwa maradhi hayatazami uso wa mtu, kwa nini amri iutazame ukubwa wa mzigo wake?

TABIBU: Mama, nchi isiyo na bahari haiwezi kuyafungia malori, kwa maana mafuta, ngano na dawa zenyewe za hospitali huja juu yake; lau yangalisimama, tungalikufa kwa uhitaji kabla ya kufa kwa homa. Ama Ebola na UVIKO-19, usivipime kwa mizani moja. Mgonjwa wa Ebola huambukiza akiisha kuonyesha dalili, na kipima joto mlangoni kinaweza kumtambua. Mgonjwa wa UVIKO-19 huweza kuambukiza angali anacheka na kuuza, joto lake likiwa sawa na langu, naye mwenyewe hajijui. Lango lililolindwa kwa kipima joto lingalikuwa lango lisilolindwa. Hii ndiyo sababu nisemayo kwamba ugonjwa mpya unaosafiri kwa pumzi haufai kupangiwa mistari ya wilaya mwanzoni, kwani kila mahali unapodhani haupo ni mahali ambapo hujaupima tu. Miezi ile ya mwanzo vipimo vilitegemea maabara ya taifa iliyo hapa Kigali. Wilaya iliyokuwa safi katika takwimu pengine ilikuwa mbali na maabara, basi.

MTAKWIMU: Hapo umesema kweli, na kweli hiyo yadai vipimo vingi, haidai kufuli nyingi. Na vipimo vingi viliwezekana hapa hapa. Profesa Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na Wilfred Ndifon wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati na wenzao, waliunda njia ambayo makala yake ilichapishwa katika jarida la Nature: sampuli za watu wengi huchanganywa na kupimwa kwa pamoja, mchanganyiko usipokuwa na virusi, wote wameachiliwa kwa kipimo kimoja, ukiwa navyo, sampuli hupangwa kwa mpangilio wa kihesabu unaomfichua mwenye navyo kwa vipimo vichache. Zingatia faida yake: njia hii huokoa gharama nyingi zaidi pale ambapo wagonjwa ni haba, yaani katika wilaya zile zile unazoziogopa kwa kutozijua. Zaidi ya hayo, tazama homa ya Marburg iliyotangazwa tarehe 27 Septemba 2024. Asili yake ilifuatiliwa hadi kwa mtu aliyefanya kazi katika mgodi wenye popo, na wagonjwa wengi wakawa ni watumishi wa afya katika hospitali za Kigali. Nchi haikufungwa, wala mji haukufungwa. Waliokutana na wagonjwa wakatafutwa mmoja mmoja, wahudumu wakaanza kupewa chanjo ya majaribio katika siku chache, na janga likatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, likiwa limewapata watu 66 na kuwaua 15, katika maradhi ambayo kwingineko yamekwisha kuua zaidi ya nusu ya waliougua.

TABIBU: Wale waliokufa wengi wao walikuwa wenzangu wa kazi, na kwa ajili yao siwezi kuliita jambo lile ushindi mwepesi. Lakini hata hilo linanipa nguvu mimi. Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa aliyelala kitandani, kwa hiyo mipaka yake ilikuwa ni kuta za wodi. UVIKO-19 haukuwa na kuta. Tazama yaliyotokea tulipoifuata njia yako. Tarehe 19 Januari 2021 Kigali ilifungwa peke yake hadi mwezi wa Februari. Mwezi wa Julai virusi vya namna ya Delta vilipotushambulia, haikutosha tena kuifunga Kigali. Ilifungwa pamoja na Burera, Gicumbi, Kamonyi, Musanze, Nyagatare, Rubavu, Rwamagana na Rutsiro, wilaya nane kwa mpigo. Kila tulipochora mstari, tulikuta maradhi yamekwisha kuuvuka. Na kwa nini yasiuvuke? Kituo cha mabasi cha Nyabugogo hupeleka watu pande zote za nchi tangu alfajiri, na habari kwamba mji utafungwa kesho humfanya mwenye wazazi shambani afunge mzigo wake leo. Mstari mnaouchora ili kuyazuia maradhi ndio unaoyatia haraka ya safari.

MCHUUZI WA RUBAVU: Bwana Tabibu, hilo la kukimbia lina mafundisho ya kale kuliko hospitali zetu. Waislamu wa Nyamirambo na wa Gisenyi wamefunzwa tangu utoto kwamba tauni ikisikika katika nchi usiingie humo, na ikikukuta ndani usitoke kwa kuikimbia. Watu huyataja mafundisho haya ili kumnyamazisha aliyefungwa, wala hawayafikirii mpaka mwisho. Aliye nje hakatazwi ila safari. Aliye ndani hukatazwa wokovu wa nafsi yake, akae na hatari ili mwingine asalimike. Kwa hiyo aliye ndani ni mdai, na nchi nzima ni mdeni wake. Sasa nauliza: deni hilo lililipwa? Chakula cha msaada kiligawiwa, nami nitakuwa mwongo nikikana. Lakini mpangaji wa chumba kimoja, ambaye jina lake limeandikwa katika kijiji cha kwao na tumbo lake liko mjini, alihesabiwa wapi? Mchuuzi ambaye mtaji wake wote ni kreti mbili za nyanya, zikioza anarudishiwa na nani? Mkopo wa ushirika haukufungwa siku tulipofungwa. Riba iliendelea kuvuka mipaka yote bila ya kibali.

MTAKWIMU: Mama, maneno hayo yanaiunga mkono hoja yangu kuliko niwezavyo mimi mwenyewe. Mdeni hawezi kulipa ikiwa naye amefungwa. Nchi nzima inapofungwa, hakuna anayelima kwa ziada, hakuna anayelipa kodi, hakuna sehemu iliyobaki na nguvu ya kuibeba sehemu iliyoanguka. Zikifungwa wilaya chache na kwa siku chache, zilizobaki zinaweza kuzilisha. Hata katika ule mwezi wa Julai 2021 anaoutaja Tabibu, kufungwa kwa wilaya hakukuendelea bila ya kikomo: kulipokwisha mwisho wa mwezi, kizuizi kilishushwa kikabaki katika kata maalumu zilizozidiwa na maambukizo, na wakazi wengine wa wilaya zile zile wakarudi kazini. Hicho ndicho nikitakacho, mstari unaozidi kuwa mwembamba kwa kadiri elimu inavyozidi kuwa nene.

TABIBU: Na mstari mwembamba unao ubaya ambao mnene hauna. Kata ikijua kwamba itafungwa kwa sababu ya wagonjwa wake, itajifunza kuwaficha. Nimekwisha kukaa na mgonjwa aliyekana kikohozi chake mbele yangu akiwa anakikohoa, kwa sababu aliogopa kwamba majirani wangemlaumu kwa kufungiwa soko. Amri ya nchi nzima haimpi mtu sababu ya kuficha, maana iwe amesema au amenyamaza, mlango wake umefungwa pamoja na milango yote. Ukiufanya ugonjwa kuwa adhabu ya mtaa, umeigeuza kila familia kuwa mlinzi wa siri, na hapo takwimu zako, Bwana Mtakwimu, zitakuwa safi kabisa na za uongo kabisa.

MCHUUZI WA RUBAVU: Hapo Tabibu amenena yale niliyoyaona kwa macho. Homa ziliitwa uchovu, na waliotoka upande wa pili wa mpaka waliingizwa usiku na ndugu zao, kwa khofu ya kutajwa tu. Wala siwalaumu. Mtu akijua kwamba ukweli wake utawanyima majirani mia riziki, atauona ukweli kuwa ni khiyana. Lakini sikubali kwamba dawa ya hofu hiyo ni kuwafunga hata wale wasiohusika, ili tusione haya mmoja mbele ya mwingine. Dawa yake ni kwamba kusema ukweli kusiwe hasara. Kata itakayofungwa kwa kuwa imejitokeza kupimwa, chakula chake kifike kabla ya askari wake, na mikopo ya watu wake isimamishwe siku hiyo hiyo kwa amri ile ile.

MTAKWIMU: Nami naongeza mawili, ili mstari wa wilaya usiwe wa dhuluma. La kwanza, wa kupimwa wachaguliwe kwa kura katika kila wilaya, iliyoshukiwa na isiyoshukiwa, ili ramani isitegemee ujasiri wa mgonjwa wala umbali wa maabara. La pili, kiwango cha kufunga na kiwango cha kufungua vitangazwe kabla ya janga, kwa tarakimu, ili mtu wa Rusizi na mtu wa Gasabo wapimwe kwa kipimo kimoja kinachojulikana. Amri inayofunga kwa hesabu ya wazi na kufungua kwa busara ya siri haitaaminiwa na waliomo ndani, na isiyoaminiwa haitatiiwa.

TABIBU: Vyema, nayapokea yote hayo kwa ugonjwa uliokwisha kujulikana. Lakini mtaniachia siku za mwanzo za ugonjwa mpya wa pumzi, ambao hatujui huambukiza siku ya ngapi wala huua wangapi. Siku hizo sitakubali kupanga wilaya, kwa kuwa kila siku nitakayoitumia kutafuta mpaka ulio sahihi, maradhi yataitumia kutafuta watu. Nitafunga kote, nitafunga mapema, na nitaomba radhi kwa wale nitakaokuwa nimewafunga bure.

MTAKWIMU: Siku ngapi, Bwana Tabibu? Kwa maana neno la mwanzo halina mwisho wake ndani yake. Mwaka 2020 nchi ilianza kufunguliwa tarehe 4 Mei, baada ya zaidi ya siku arobaini. Ikiwa siku kumi na nne zatosha dalili kumtokea karibu kila ambaye zitamtokea, kwa nini nisikupe siku hizo kumi na nne, na ya kumi na tano iwe ya vipimo na ya wilaya?

TABIBU: Nipe vipimo katika kila wilaya ifikapo siku ya kumi na nne, nami nitafungua siku ya kumi na tano. Usiponipa, usinitake nifungue mlango nisioweza kuona kilicho nyuma yake.

MCHUUZI WA RUBAVU: Basi nyote wawili mmekubaliana kwamba nitangoja mpaka kipimo kifike kwetu, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema ni nani atakayekuwa na hatia kisipofika. Nami nasema hivi. Siku kumi na nne nitafunga genge langu bila ya kushurutishwa, maadamu Kigali nayo imefunga. Siku ya kumi na tano, ikiwa vipimo vimefika Kigali na havijafika Rubavu, sitakubali kwamba Kigali ifunguliwe kwa sababu inajulikana, na mimi nibaki ndani kwa sababu sijulikani. Tutafunguliwa pamoja au tutangoja pamoja, na mwenye maabara ndiye atakayekuwa na haraka ya kuileta.

MTAKWIMU: Mama, kwa sharti hilo watu wa Kigali wasio na mgonjwa watafungwa kwa kosa la bajeti ya wilaya nyingine.

MCHUUZI WA RUBAVU: Naam. Na bila ya sharti hilo, tutafungwa sisi kwa kosa lile lile, na bajeti hiyo haikuandikwa Rubavu.